Kuku Mmoja, Swali Moja

Mama yangu alikuwa hajui kuuliza. Nasema hivi kwa hasira, na nina haki ya kusema, maana mimi ni mwalimu wa darasa la tano huku Buswelu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha watoto kuuliza. "Kuuliza si ujinga," nawaambia, nao wanaitikia darasa zima. Lakini kuuliza vibaya, jamani, huo ndio ujinga wenyewe, na mama aliufanya kwa miaka mingi mbele ya kuku.

Niseme mapema ukweli wangu, usije ukaniona mwema. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, aliondoka nyumbani miaka tisa iliyopita akaenda ziwani kuvua. Hakurudi, na baada ya miezi miwili hata simu hakupiga tena. Mama alitaka kujua kitu kimoja tu katika dunia hii: mtoto wake yuko wapi. Na mimi, kwa miaka miwili ya mwisho, nilijua. Nilijua kisiwa, nilijua mwalo wanakopakulia samaki, nilijua hadi rangi ya mlango wa nyumba yake. Nikanyamaza.

Sisi ni Wakatoliki. Jumapili mama yuko benchi la tatu kutoka mbele, na kitenge chake cha kina mama wa parokia. Lakini kwetu Usukumani dini ni dini na kuku ni kuku. Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Ukiwa na jambo linalokunyima usingizi, unatafuta kifaranga aliyeanza kuota manyoya ya mabawa, unamlaza nyumbani ndani ya tenga, chini ya kitanda chako. Alfajiri, kabla hujaamkia mtu yeyote, unamtemea mate mdomoni na kumwambia shida yako. Halafu unampeleka kwa mfumu, yule ambaye mjini wanamwita mganga, naye anampasua na kusoma mabawa, mgongo na utumbo. Kuku ndiye barua, mfumu ni msomaji tu.

Sasa barua za mama! Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo nilimsikia. "Wewe kuku, nisikilize. Mtoto wangu ameondoka, na baba yake alimwachia ng'ombe wanne, si wengi lakini ni wanne, na mwaka ule mvua zilikuwa mbaya, na mimi mgongo huu haunipi nafasi, sasa atarudi lini, na akirudi atanikuta kweli, na yule binti wa kwa jirani ameshaolewa, mwambie asiumie, tena mwambie avae sweta, ziwani kuna baridi." Huyo kuku maskini angejibu lipi?

Na wafumu wake nao walikuwa wa hovyo vilevile. "Naona maji," wanamwambia. "Naona safari. Atarudi wakati wa mavuno." Hee! Ziwa liko pale chini, nani asiyeona maji? Lakini mama alirudi nyumbani uso unang'aa. Alitenga gunia la michembe, viazi vitamu vile tunavyovikata na kuvianika juani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaipenda ikichemshwa na karanga. Alianika godoro lake. Alikataa kwenda kumuuguza dada yake kule Magu, eti mtoto asije akafika akakuta mlango umefungwa. Mavuno yakaja, yakaisha. Wadudu wakaingia kwenye gunia, naye akatupikia ile michembe sisi wengine bila neno. Nikiila nilikuwa naona uchungu hadi kwenye meno. Mwaka uliofuata, kuku mwingine, lini nyingine.

Mdogo wangu aliondoka vizuri, hakufukuzwa na mtu. Baba alipofariki, aliuza wale ng'ombe wanne akanunua nyavu na injini pamoja na mwenzake mmoja, akamwahidi mama kwamba atarudi na ng'ombe wanane. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdomo mwingi, mtu wa kuchekesha watu msibani. Miezi miwili alipiga simu kila Jumapili. Mwezi wa tatu simu ikawa haipatikani, ikabaki hivyo.

Aliyeniambia aliko ni mama mmoja anayeuza dagaa Mabatini, ninakonunulia siku zote. Siku moja alinitazama nikicheka akaacha kupima. "Mwalimu," akasema, "kuna mvuvi kule kisiwani ninakochukua mzigo, anacheka hivyohivyo. Mwanya huohuo." Likizo ya Desemba nikamdanganya mama kwamba naenda semina, nikapanda meli.

Nilimkuta anaanika dagaa kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anapiga hadithi na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nilisimama pale nikamsikiliza kwanza, kwa sababu sauti ile nilikuwa nimeshaizika moyoni. Aliponiona kicheko kilikatika. Hakunikimbilia. Aliuliza, "Dada, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Ndipo akapumua.

Nilimzaba kofi mbele ya mke wake. Sijutii kofi lile hata leo. Hakujitetea, alikaa chini akanieleza. Mwezi wa pili tu majambazi wa ziwani walimvamia, wakachukua nyavu na injini, wakamwacha na mtumbwi mtupu na uhai wake. Akasema moyoni, nitafanya kibarua mpaka nipate ng'ombe wanne, nirudi hata na wale wale. Mwaka ukaisha, akaona aibu kupiga simu mikono mitupu. Wa pili ukaisha, akaona aibu ya kutopiga mwaka wa kwanza. Akapata mwanamke, akapata watoto wawili, akaona aibu ya kuoa bila mama kujua. Wakati ananieleza hayo, katoto ka kike ka miaka mitatu kalikuwa kamemshika mguu kananitazama kwa hasira kwa sababu nimempiga baba yake. Kanaitwa jina la mama yetu.

"Mwambie mmesikia nimekufa," akaniambia. "Atalia, ataweka matanga, atapumzika. Ukimwambia niko hai atakuja, na mimi siwezi kumtazama usoni. Dada, nakuapia, nikisikia anakuja nahama."

Wakati wa kuondoka aliniandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi. "Hii ni ya siku mama akifa," akasema. "Utanipigia nije nimzike." Mungu anisamehe, niliipokea.

Nikarudi na jibu limenikwama kama mwiba wa sangara kooni. Kumwambia mama kwamba mwanaye amekufa, sikuweza, ni dhambi na ni uchuro. Kumwambia yu hai, halafu aseme nini? Yu hai, ana mke, ana watoto, anacheka, na hakutaki? Kila nilipofungua mdomo niliona afadhali kesho. Na kesho ina tabia ya kuwa nyingi.

Mwaka jana, kabla ya mavuno, nilimwona mama anachagua kifaranga tena uani, uzalendo ukanishinda. "Mama, unauliza vibaya!" nikamfokea. "Lini, lini, lini! Miaka yote hiyo unauliza lini! Uliza kwanza kama yu hai!"

Alimshika yule kifaranga kifuani, akaniuliza polepole, "Nikiuliza hivyo, nikajibiwa hapana, nitalala wapi?"

Nilipaswa kumwambia pale pale. Badala yake nikapata akili niliyoiona kubwa. Kama kuku atasema yu hai, basi atakuwa amesema kuku, si mimi. Kama atasema amekufa, mama ataweka matanga apumzike, na atakuwa amesema kuku, si mimi. Nilitaka kifaranga wa uani abebe mzigo ulionishinda mimi, mtu mzima mwenye diploma ya ualimu.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mfumu mmoja kule mbele ya Bujora. Akaniambia huyo hataki mchezo, ukiuliza ovyo anakurudisha nyumbani. Nikasema huyohuyo ndiye namtaka. Tukakodi bajaji, mimi na mama, safari ya kwanza bila kuku, kwenda kupangiwa siku.

Nilitarajia mzee wa ngozi na shanga. Tulikuta mwanaume wa miaka hamsini hivi, kavaa jezi ya mpira iliyopauka, simu mbili mezani, cheti cha tiba asili ukutani ndani ya fremu. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima, akampa kiti chenye mto. Mama akaanza: ng'ombe wanne, mvua, mgongo. Hakumwacha afike kwenye sweta.

"Mama, samahani nakukatisha. Kuku wako anaelewa kama mtoto anayetumwa dukani. Ukimtuma chumvi, sabuni na kiberiti, na salamu kwa shangazi, atarudi na nini?"

Mama akacheka. "Atarudi na pipi."

"Ehee! Ndiyo wanayokuletea kila mwaka, pipi." Akakunja vidole vyake mezani. "Kuku mmoja, swali moja. Mambo ya lini usimuulize, kuku hana kalenda. Na neno nani hapa kwangu halivuki geti. Nani ameniroga, nani kaniulia mtoto, hapana. Kwa neno hilo vikongwe wamekatwa mapanga bure katika nchi hii, na wapiga ramli wako jela. Mimi sichonganishi watu. Uliza kitu ambacho kuku anaweza kukijibu ndiyo au hapana. Bawa hili ndiyo, bawa hili hapana, mgongo ni shahidi."

Nilikuwa natikisa kichwa kukubali kama mkaguzi wa shule aliyekuta somo limeandaliwa. Mama alikuwa anamsikiliza kuliko nilivyowahi kumwona akimsikiliza padri.

"Na jingine," mfumu akasema, safari hii akinitazama mimi, sijui kwa nini. "Usimuulize kuku jambo ambalo mtu aliyepo hapa analijua. Huko ni kumuua kiumbe bure. Kuku ni wa pale ambapo watu wote wamefika mwisho wa kujua."

Nilitazama cheti ukutani.

Jumapili ile baada ya misa nilimfundisha mama mezani, kama ninavyofundisha darasani. Nilifurahia, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa mwalimu na yeye mwanafunzi, tukicheka, kahawa ikipoa.

"Usizunguke mbuyu, mama. Mtaje mtu mmoja. Taja jambo moja. Lisikike hata kwa asiyekujua."

"Mwanangu, yule mdogo, yu hai?"

"Hapo! Vema kabisa."

"Utanipa ngapi, mwalimu?"

"Tisa."

"Kwa nini si kumi?"

"Umesema 'yule mdogo.' Kuku ajuaje mdogo yupi? Mwonyeshe mtu. Mtu aonekane."

Akarudia mara tatu, kila mara swali likinyooka zaidi. Nikampa kumi. Akafurahi kweli, akajipiga kifuani. Mama hakwenda shule, na kumi ile ilikuwa ya kwanza kwake.

Siku yenyewe aliamka mapema kuliko mimi. Nilimsikia nyuma ya ukuta anazungumza na kifaranga, lakini safari hii ilikuwa sentensi moja tu, fupi, ya chini, sikuidaka. Nikajisemea, haya, kumbe amefuzu. Njiani alikaa na tenga mapajani, hakuongea. Nikadhani anaogopa. Nikamshika mkono, akauacha mkono wake kwenye wangu bila kuukaza.

Mfumu alikuwa amefagia. Alitandika mfuko safi chini, akaweka kisu na bakuli la maji. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi kulia kwake. Kwa mfumu huyu kuna utaratibu wake: hata kama umeshamwambia kuku nyumbani, lazima urudie kwa sauti, ili kila aliyepo asikie na asije akasema baadaye kwamba uliuliza jingine.

Mama akamtoa kifaranga kwenye tenga. Akamnyanyua usawa wa mdomo wake. Sauti yake ilikuwa kavu, haikutetemeka hata kidogo.

"Kuku. Huyu binti yangu aliyekaa kulia kwangu, anajua mdogo wake aliko?"

Wee! Nilisikia masikio yanaziba. Mfumu akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mama," akasema, "swali limenyooka."

Akanyoosha mkono kumpokea kifaranga. Mama akampa. Mfumu akachukua kisu, na wakati wote ule mama hakunitazama, alitazama yale mabawa madogo yenye manyoya machache. Ningeweza kunyamaza. Najua ningeweza. Pengine bawa lingesema hapana, na tungerudi nyumbani na maisha yangeendelea. Lakini nilimwona mama alivyokaa, mgongo wake ule mbovu kaunyoosha, mikono magotini, kama mtoto anayesubiri kusomewa matokeo.

"Msimchinje," nikasema. "Ndiyo. Najua."

Mfumu akaweka kisu chini. "Basi hapa kuku hana kazi," akasema. Akamrudisha kifaranga kwenye tenga, akainuka, akatoka nje akatuacha wawili. Namheshimu kwa hilo.

Nilimweleza mama kila kitu nikiwa nimepiga magoti kwenye ule mfuko. Majambazi, nyavu, aibu, mke, watoto wawili. Sikumficha kofi. Nilichomficha ni kile cha "mwambie nimekufa," na namba ya simu ni ya siku gani. Alisikiliza hadi mwisho. Nikasubiri anipige au anilaani. Akaniuliza, "Anakula?"

"Anakula, mama. Amenenepa."

"Huyo mtoto mkubwa, wa kike, anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake mwenyewe. Hapo ndipo alipolia. Alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti, yeye ambaye kwenye mazishi ya baba aliuma meno.

Kwenye bajaji ya kurudi nilimuuliza, "Mama, kama ulishajua, mbona hukuniuliza nyumbani?"

"Nyumbani ungenidanganya," akasema. "Umenidanganya miaka miwili, mchana kweupe, unakula chakula changu." Kisha akaongeza: "Zamani kwenye sala ya jioni ulikuwa unasema, Mungu amlinde popote alipo. Tangu ile semina yako ukaacha popote. Ukawa unasema, amlinde yeye na watu wake. Watu gani? Mimi sijasoma, lakini si kiziwi."

Nikaomba msamaha. Akasema atanisamehe akishamwona mtoto wake. Akasema Jumamosi tunakwenda. Na sauti yake ilianza kuchangamka, hata akanitania kidogo kuhusu lile kofi: "Ulimpiga kwa mkono gani? Huo? Vizuri, na mimi nitampiga kwa mwingine, halafu nimkumbatie." Alikuwa anahesabu atabeba nini. Michembe, karanga, sweta mbili za watoto kutoka Mabatini. Wiki ile mama alikuwa na miaka thelathini.

Sasa nakuja kwenye kosa langu la pili, na hili sina wa kumsingizia.

Jumatano nilimtumia mdogo wangu ujumbe. Nilitaka ajiandae. Nilifikiri juu ya mama kufika ghafla, nyumba haijafagiwa, mke hajajua amwamkieje mkwewe, watoto hawajaogeshwa. Nilitaka anunue hata soda. Nikaandika: "Mama anajua yote. Amekusamehe. Tunakuja Jumamosi. Usiogope." Hakujibu. Nikasema, anaona aibu tu, damu ni nzito kuliko maji, akimwona atalainika. Alikuwa ameniapia mchana wa jua kali kwamba akisikia mama anakuja atahama. Nilimsikia kwa masikio haya. Nikachukua neno la mtu mzima nikalifanya la mtoto.

Ziwa lilikuwa tulivu Jumamosi ile. Mama hajawahi kupenda maji, lakini alikaa karibu na dirisha la meli akiwa na gunia dogo la michembe miguuni, akawaeleza abiria wa pembeni kwamba anakwenda kumwona mwanaye na wajukuu. Aliwaonyesha zile sweta. Mwanamke mmoja akampongeza, akasema hongera bibi, na mama akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana.

Mlango ulikuwa wa bluu kama nilivyouacha. Ulikuwa wazi, na ndani hamna kitu. Jiko la mafiga matatu lilikuwa na majivu, na kuku wa watu walikuwa wanachakura ndani ya chumba. Jirani, mwanamke wa makamo anayeanika dagaa, alitufuata. Mama akamwamkia kwa kawaida kabisa, bado anatabasamu, kana kwamba mwenye nyumba ameenda kuchota maji.

"Wamehama Alhamisi," jirani akasema. "Alfajiri, na mtumbwi, na godoro na watoto wote. Hakuaga. Sisi tumeshangaa, mtu aliyekuwa anatuchekesha hapa mwalo mzima. Hatujui wameelekea wapi. Visiwa ni vingi."

Mama aliingia ndani. Alizunguka chumba kile kidogo akigusa kuta. Pembeni kulikuwa na ndala ya mtoto, mguu mmoja, ya pinki, kamba imeunganishwa kwa waya. Aliiokota akaipima kwenye kiganja chake. Ilifika mwanzo wa vidole. Aliishika hivyo kwa muda mrefu, na mimi nilisimama mlangoni nikilia kama mwehu, nikisema mama nisamehe, mama nisamehe, maneno yasiyo na maana yoyote.

Aliponigeukia macho yake yalikuwa makavu.

"Ulimwambia nakuja?"

Ndiyo au hapana. Mtu mmoja, jambo moja.

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa. Aliiweka ile ndala mahali alipoikuta. Michembe na sweta alimwachia jirani, akasema kama kuna mtoto zinamtosha avae. Tukarudi na meli ileile. Yule mwanamke wa asubuhi hakuwemo, nikashukuru Mungu.

Ile namba ya kwenye boksi haipatikani tena. Huwa naijaribu nikiwa shuleni, wakati wa mapumziko, kila siku. Kwa hiyo hata siku mama akifa, sina wa kumpigia.

Mama ni mzima. Anakula, anakwenda misa, anacheka na majirani, mavuno haya hakutenga gunia. Hakunilaani na hakunifukuza. Ila tangu pale kisiwani hajaniuliza kitu. Nasema kitu chochote. Umelalaje, umekula, watoto hawajambo, mbona umechelewa, mvua imekunyeshea? Yeye ambaye maswali yake yalikuwa hayaishi, hadi kuku walichoka. Majirani anawauliza, wajukuu wa hapa nyumbani anawauliza, hata muuza maandazi anamuuliza habari za mama yake. Mimi, hapana.

Jana jioni nilitoka kazini nikamkuta ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikasimama pale na mkoba begani. Nilisubiri. Alitoa jiwe, akalitupa nje, akaendelea na ungo wake. Nikasubiri tena kidogo.

"Kazini salama, mama," nikasema. "Watoto hawajambo. Nimekula."